Kuang Kumi na Mmoja wa Kindu

Taishan, Guangdong
3 Novemba 1998

Hadidja,

Nimefika salama. Ile ndege iliyotuondoa wageni mwezi wa nane ilitushusha Kinshasa, na kutoka hapo nilihangaika wiki sita kabla ya kugonga mlango wa nyumbani. Nakuandikia kwa Kiswahili ulichonifundisha wewe mwenyewe, tukiwa tumesimama kando ya mashine yangu ya kukoboa mpunga, kwa hiyo makosa utakayoyaona humu ni ya mwalimu.

Sikukudanganya kitu. Mke niliyekuambia yupo, na amezeeka kwa kunisubiri. Binti yangu Huizhen ana miaka minane. Nilipoingia alinisalimia kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mteja. Ndiye wa pekee, maana serikali yetu inataka kila nyumba iwe na mtoto mmoja tu. Kila siku ananiuliza Kindu ni wapi, nami namwonyesha kwenye ramani kwa kidole kinachofunika mji wote, Kasuku na Alunguli pamoja.

Juzi nilikwenda kwenye nyumba ya ukoo, wazee wakanisomea kitabu chetu cha majina. Husimulia kwamba zamani sana hatukuwa Kuang. Tulikuwa Fang, na babu mmoja aliyekuwa anakimbia hatari ndiye aliyebadili jina ili watoto wake wapone. Sijui kama ni kweli, lakini mpaka leo Kuang, Fang na Lei huhesabiana ndugu. Sasa tumetawanyika. Wengi tuko huku Taishan, wengine Hong Kong, wengine walivuka bahari zamani kwenda kujenga reli Amerika na hawakurudi. Nilisikiliza nikawaza kwamba jina letu lilianzia njiani, na mimi nimelirudisha nyumbani kwa kukimbia vilevile.

Mchele wa hapa ni mweupe na laini. Hauna ile harufu ya mchele wa Kibombo. Naula, nashiba, na bado nina njaa.

Nataka neno moja tu kutoka kwako. Ukiniambia rudi, vita vikipoa hata kidogo nitarudi, na mke wangu nitamweleza mwenyewe. Ukiniambia baki, nitabaki. Ni aibu kwa mwanamume wa miaka arobaini na minane kusema hivi, lakini mimi mwenyewe nimeshindwa kuamua. Nimekukumbuka, Hadidja, mpaka naogopa kukaa peke yangu.

Barua hii nampa mfanyabiashara anayekwenda Dar es Salaam. Mungu wako aifikishe.

Kuang


Kindu, Mikelenge
11 Januari 2000

Mdogo wangu Zaina,

Natumaini barua hii inakukuta Lubutu mkiwa wazima. Sisi tupo. Tangu nitoke kwako na mtoto mgongoni, Rehema ameota meno manne na ameshaanza kuniuma nayo. Mashine ya Kuang wenye bunduki waliing'oa, wakaivusha mto, na sasa tunatwanga kwa mkono kama bibi zetu.

Unakumbuka ile barua niliyomwandikia nikiwa na mimba ya miezi minne? Imerudi. Ilifika Bukavu, ikakaa huko, na bahasha imenirudia imechakaa hivi kwamba hata jina lake halisomeki. Wiki hiyohiyo ikafika ya kwake, mwaka mzima na zaidi njiani. Kwa hiyo hajui kitu, Zaina. Hajui kwamba ana mtoto Kindu.

Ananiuliza arudi au abaki. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nafika pale anaposema mke wake amezeeka kwa kumsubiri, nashindwa kuendelea. Mimi namsubiri mwaka mmoja na nusu tu, na tayari sijitambui. Huyo mwenzangu amesubiri miaka minane. Nikiandika habari ya mtoto, atarudi, namjua. Atapita katikati ya risasi na kuku wake wa mzazi mkononi. Atakufa njiani, au atafika, na kule kwao mwanamke na mtoto watabaki bila mtu.

Nimeamua. Ukiulizwa, Rehema ni wako, mimi nalea tu. Mtaa utajua, maana macho ya mtoto hayafichiki, lakini mtaa wetu una heshima. Jambo ambalo mwenyewe hajalisema, hawalisemi. Siri ya mtungi aijuaye kata, nawe ndiye kata yangu.

Usinijibu kwa kunigombeza. Nimeshajigombeza.

Dada yako,
Hadidja


Kindu, Mikelenge
11 Januari 2000

Kuang,

Barua yako imefika, imechoka kuliko aliyeiandika. Makosa ni mengi, lakini mwalimu anakusamehe.

Sisi tupo hai. Mashine yako hatunayo tena, na walioichukua hawajui hata kuikaza mkanda. Usisikitike. Watu bado wanakutaja kwa mengine. Wanawake wa hapa hawasahau kwamba mama aliyejifungua ulimkobolea mpunga wake bure, na kwamba ulibisha hodi na kuku na tangawizi, ukisema kwenu mzazi hakai mwezi wa kwanza bila mchuzi huo. Wameendelea kuwapa watoto jina lako hata baada ya wewe kuondoka. Josiane wa mama muuza samaki ni Kuang. Gédéon wa yule katekista ni Kuang. Twaibu wa Mwalimu Bulaimu unamjua, mwaka huu anatimiza miaka mitano na ni mtundu. Wamefika kumi na mmoja. Hata hapa nyumbani yuko mmoja, wa mdogo wangu Zaina wa Lubutu, namlea mimi.

Neno uliloniomba ni hili: baki. Baki kwa mke wako, umwone Huizhen akikua. Mimi nitazoea. Nimesema nitazoea, sikusema nimezoea, kwa sababu uongo sikuuweza kamwe mbele yako.

Hadidja


Taishan
19 Juni 2002

Hadidja,

Umesema nibaki, nimebaki. Nalima mpunga wa baba yangu, na Huizhen sasa ananiita baba bila kufikiri kwanza.

Redio inasema Kindu imezingirwa, watu hawawezi kwenda mashambani. Naomba uniambie mnakula nini. Nimefurahi kwa wale watoto kumi na mmoja, ingawa hapa siwezi kumweleza mtu. Huku jina la ukoo halitolewi kama zawadi, na mzazi wa kike hupelekewa kuku na watu wa nyumba ya mume wake tu. Kwetu ningeonekana nimeoa mtaa mzima.

Huyo wa nyumbani kwako, wa Zaina, hukuniambia ni wa kike au wa kiume. Alizaliwa mwezi gani?

Kuang


Guangzhou
8 Januari 2024

Kwa Bi. Kuang Rehema,
Mwalimu wa shule ya msingi, Kindu

Heshima kwako. Jina langu ni Kuang Huizhen. Naandika kwa Kichina, na mwalimu Liang, anayefundisha Kiswahili chuoni hapa, ananifasiria. Barua inaletwa na Twaibu, ambaye ameniambia kwamba wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri kati yenu.

Nina duka la mikoba. Mwezi uliopita Twaibu alinunua mzigo, na nilipoandika karatasi za kuusafirisha nikasoma pasipoti yake: Kuang Twaibu, amezaliwa Kindu, 1995. Nilikaa chini. Baba yangu, Kuang Shaoming, aliishi Kindu miaka mingi kabla ya vita. Alifariki mwaka 2016. Nilimuuliza Twaibu jina hilo amelipata wapi, akasema kwa Kichina chake kidogo kwamba ni la mzee Kuang, aliyemletea mama yake mchele na kuku alipozaliwa. Akasema tena, bila aibu hata kidogo, kwamba mko kumi na mmoja.

Ukoo wetu unaandika upya kitabu cha majina. Huandikwa mara moja katika miaka thelathini, na safari hii hata mabinti wanaingia. Katika nyumba ya ukoo kuna ramani ya dunia yenye pini nyekundu kila mahali alipo Kuang: Guangdong zimejaa, Hong Kong, San Francisco, Vancouver. Nilipotaja Kindu, wazee walitafuta kwa miwani, wakachoma pini kumi na moja mahali ambapo kwenye ramani hapana hata jina. Wengine walicheka. Mmoja alimsifu baba.

Mama yangu hakucheka. Ana miaka sabini na mbili. Aliweka bakuli chini, akaenda kukaa kwa dada yake, na hataki kuwasha ubani mbele ya picha ya baba. Anasema anataka kujua kabla ya kufa kama alimsubiri mume wake au mume wa watu.

Kitabu kinafungwa mwezi wa nne, siku za kusafisha makaburi. Tafadhali niambie ukweli: kati yenu kumi na mmoja, wangapi ni watoto wake? Tuma na picha zenu, wazee wanazitaka.

Kuang Huizhen

Mimi mfasiri naongeza: nilijifunzia Kiswahili Zanzibar. Nikikosea msamiati wa kwenu, mnisamehe. Liang.


Kindu, Mikelenge
16 Februari 2024

Kwa Bi. Kuang Huizhen,

Salamu nyingi kutoka Kindu, na pole kwa kufiwa na mzee. Tulisikia sasa tu, kwa barua yako. Mwalimu Liang asijali, Kiswahili chake ni safi kuliko cha mkurugenzi wetu wa shule.

Niliwakusanya wote waliopo mjini nikawasomea. Josiane alicheka mpaka akalia. Kuang Gédéon, ambaye sasa ni katekista kama baba yake, hakucheka. Alisimama akataka niandike kwamba mama yake alikuwa mwanamke wa heshima, basi nimeandika.

Nikueleze desturi yetu. Huku hatuna jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa baba. Nyumba moja inaweza kuwa na watoto sita wenye majina sita, kila mmoja na la mtu wake: bibi, shangazi, mkunga, hata mgeni aliyewatendea wema. Unampa mtoto jina la mtu ili wema wa mtu huyo usipotee. Baba yako tulidhani Kuang ni jina lake mwenyewe, kwa kuwa ndilo alilolitanguliza. Wazazi wetu walilitoa kwa heshima, na yeye alipeleka kuku kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kwenu vitu hivyo viwili vikikutana vina maana moja tu. Hapa havikuwa na maana hiyo.

Kwa hiyo jibu ni hili: hakuna. Sote kumi na mmoja ni majina tu. Mimi mwenyewe ni wa mama Zaina wa Lubutu, nimelelewa hapa na dada yake. Mwambie mama yako awashe ubani.

Picha ni kumi. Yangu haikutoka vizuri.

Kama hutajali, ningependa kujua mambo machache, kwa udadisi tu. Alikuwa anacheka vipi? Alikuwa mrefu? Huku wanasema alikuwa anaimba akikaza mkanda wa mashine, lakini hakuna anayekumbuka wimbo wenyewe. Je, alipozeeka bado alikuwa anaitaja Kindu? Usipopata nafasi ya kujibu, si neno.

Kuang Rehema


Guangzhou
21 Aprili 2024

Bi. Rehema,

Nilimpelekea mama barua yako mwenyewe, na mwalimu Liang akaisoma mara mbili. Mama alirudi nyumbani siku hiyohiyo. Siku ya kusafisha makaburi alipika kuku na tangawizi, akaweka juu ya kaburi la baba, akamwomba msamaha kwa sauti mbele ya watu wote, yeye ambaye hajawahi kumwomba msamaha mtu. Sasa anawasimulia majirani kwamba kuna mji Afrika unaowapa watoto jina la mume wake. Umempa miaka mingine ya kuishi, nakushukuru.

Wazee wamezing'oa pini. Wamesema jina bila damu ni kelele tu. Kitabu kimefungwa, na chini ya baba ameandikwa mtoto mmoja.

Uliuliza mambo. Alikuwa mfupi. Akicheka alifunika mdomo kwa mkono kwa sababu ya jino lililovunjika. Alikuwa anaimba vibaya sana, nyimbo za sinema za zamani, maneno nusu. Kindu hakuitaja mbele ya mama, lakini mtaani kwetu mwanamke akijifungua, baba ndiye aliyefika wa kwanza, na mimi nilijifunza kuona aibu. Sasa siioni tena.

Ningeishia hapo. Mwalimu Liang anasema barua ya shukrani inatosha. Lakini kuna jambo sikukuambia, na nikilinyamazia litanisumbua.

Mimi nilizaliwa peke yangu. Sisi wa umri wangu karibu wote tulizaliwa hivyo. Sina kaka, sina dada, na baba alipokufa nililia kilio ambacho hakuna mwingine duniani aliyekuwa na haki ya kukilia. Nilipokuandikia nilijifanya mkali kwa ajili ya mama. Ukweli ni kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa na ndugu kumi na mmoja. Niliyaandika majina yenu kwenye karatasi kwa kufuata umri. Nilishaamua nani atakuwa msumbufu na nani nitamsomesha. Nilimwona Twaibu dukani nikammiminia chai bila kumwambia kwa nini.

Barua yako ilimponya mama, na mimi ilinirudisha kwenye moja. Sikulaumu, uliniambia ukweli niliouomba. Nilitaka tu mtu ajue.

Huizhen


Kindu, Mikelenge
12 Mei 2024

Yaya Huizhen,

Huku yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Mwalimu Liang asitafute neno jingine.

Barua yako nilimsomea mama uani, akichagua mawe kwenye mchele. Nilipofika pale uliposema nimekurudisha kwenye moja, mikono yake ilisimama. Mama yangu si Zaina. Zaina ni mama mdogo, na alikubali kubeba uongo huu tangu nikiwa na meno manne. Mama yangu ni Hadidja, aliyefanya kazi na baba kwenye mashine na kupendana naye bila mtu kusema neno. Baba alipoondoka, mama alikuwa na mimba ambayo baba hakuijua, na mama alipoulizwa arudi au abaki, alimwambia abaki. Alifanya hivyo kwa ajili ya mama yako, na baba alipoandika tena kuuliza nilizaliwa mwezi gani, mama hakumjibu. Barua yako ya kwanza ilipofika alinikataza kusema, nami nikamtii, ingawa baada ya kuipeleka kwa Twaibu nilikwenda mtoni nikakaa huko mpaka watu wakaja kunitafuta. Nilikuwa nimemkana baba yangu kwa mwandiko wangu mzuri.

Safari hii mama hakunikataza. Aliuweka mchele kando. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyatamka, mwalimu Liang atajitahidi (kwake bibi ni mke, na njo ni ndiye):

«Miye niliogopaka kuumiza bibi yake. Mutoto wake sikumuwazaka hata siku moya. Umuandikie. Umuambie yote, miye njo nilikosa.»

Mimi sioni kama alikosa. Sioni pia kama hakukosa. Nina miaka ishirini na mitano, na sijawahi kumwona baba hata kwenye picha. Nimemtamani mtu ambaye nilikatazwa hata kumuulizia, na wewe umenipa jino lake lililovunjika na sauti yake mbaya, na nimevisoma hivyo viwili kila siku tangu barua ifike.

Twaibu anajua. Mtaa wote unajua. Alikuhesabia kumi na mmoja bila kututenganisha, kwa sababu mama alikuwa hajalisema, na hapa mtu hasemi neno la mwenzake. Picha niliyokunyima nimeiweka humu. Itazame ukiwa umekaa.

Mama yako umwambie au usimwambie, hilo nakuachia wewe, mkubwa ni wewe. Kitabu kimeshafungwa, usigombane na wazee kwa ajili yangu. Wale kumi ni majina tu, na nawapenda, wala si kelele. Mimi ni mtoto wake.

Ile karatasi ya majina kama hujaichana, futa kumi. Halafu uanze kuhesabu upya, na usiishie kwenye moja. Tuko wawili.

Mdogo wako,
Rehema